Aliyeiba Mtungi Mtupu

Mwizi alikuwa ameacha dola, simu mbili na kamera ya bei mbaya, akachukua mtungi wa hewa.

Inspekta Kaindi wa makachero wa Diani alisimama mlangoni mwa stoo ya wapiga mbizi, mikono kiunoni. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi alikwisha kuona wezi wa kila sampuli. Huyu alikuwa kioja.

"Nini kingine?" aliuliza.

Mercy, mwenye stoo, alihesabu kwa vidole. "Kifaa cha kupumulia, miwani ya kuzamia, mkanda wa vipande vya risasi vya kuongeza uzito na mapezi ya miguuni. Namba thelathini na saba, afande, yale madogo. Aki ya nani sielewi. Mtu anaacha dola?"

"Lini?"

"Jana mchana. Mlinzi alikuwa ameenda swala ya Ijumaa."

Kaindi alichutama. Kwenye rafu palikuwa na alama nne za vidole, za manjano, zimeganda kwa mafuta. Kabla ya kuzipiga picha alizinusa. Bizari.

"Mnapika humu?"

"Humu? Hata chai hatuchemshi."

Nyuma yao Karisa, mwongozaji wa wapiga mbizi, mtu wa makamo aliyehamia hapa kutoka Watamu mwaka uliopita, alikuwa akihesabu mitungi. Akahesabu tena. Uso ukamsawijika.

"Afande, mtungi uliojaa huwa tunaufunika koki kwa kifuniko chekundu. Uliotumika hauna. Yenye vifuniko yote ipo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ameiba mtungi mtupu. Labda aliona vile vifuniko akadhani mitungi hiyo ni mibovu. Huo aliochukua una pumzi tano, sita. Akishuka nao mita kumi na nane, hatarudi."

Lo! Uvivu wote wa Jumamosi ukamtoka Kaindi. Mahali fulani pwani hii palikuwa na mtu mwenye mguu mdogo na vidole vya bizari, amebeba kifo chake mgongoni akidhani ni pumzi. Wizi ungeweza kungoja, mtu huyo hangeweza.

"Mita kumi na nane ni wapi?"

"Kwenye boti iliyozama, nje ya mwamba. Ndiko tunakopeleka wageni. Kuna chewa mkubwa ajabu anakaa chumbani mwa nahodha, kasa huja kulala juu ya paa, taa wapo, changu wapo makundi kwa makundi."

"Nani hukuulizauliza habari za boti hiyo?"

"Wageni tu." Karisa akakuna kichwa. "Na mama wa viazi karai pale getini, Twaiba. Yeye huniuliza maji. Kila asubuhi: 'Karisa, leo maji yaonekana?' Namjibu kweli. Siku za bamvua mkondo hukimbia, bahari ikachafuka, hata mkono wako huuoni. Maji mafu ndiyo safi."

"Na leo?"

"Leo maji mafu. Saa tano yatatulia tuli, utaona mita ishirini mbele."

Ilikuwa saa tano kasoro robo. Kaindi alichungulia getini. Karai halikuwapo, wala mwenye karai.

"Kwake ni wapi?"

"Kwa wavuvi, hapo chini," Mercy alisema. "Ana kamtumbwi."

"Twendeni! Mbio!"

Walimkuta ndani ya maji ya mapaja, akisukuma mtumbwi wenye mtungi ndani. Miwani ilikuwa kwenye paji la uso, mkanda wa risasi ameukaza juu ya leso.

"Twaiba! Simama! Polisi!"

Hakusimama. Kaindi, binti wa Kikamba aliyekulia Shimba Hills akiitazama bahari kutoka shambani kwa babake, hakujua kuogelea hata kidogo. Aliingia na viatu vyake. Maji yalifika kifuani, lakini akaushika ubavu wa mtumbwi na hakuuachia.

"Niachilieni, jamani! Maji yatageuka! Mara moja tu!"

Karisa akafika, akageuza kipimo cha hewa cha mtungi kuelekea kwa Twaiba. Mshale ulikuwa umelala sehemu nyekundu.

"Dada, humu hamna kitu. Ungekufa."

Twaiba aliutazama mshale ule, akauachilia mtumbwi. Wakamkokota hadi mchangani.

"Ni wewe uliyeiba?" Kaindi aliuliza.

"Ni mimi. Wallahi kesho ningevirudisha."

"Nani alikufundisha kuvivaa?"

"Macho yangu. Mwaka mzima nawatazama."

"Ulitaka kujiua?"

"Astaghfirullah! Nimeacha viazi nimekwisha kuvimenya!"

"Basi ulitaka nini?"

Twaiba aliitazama bahari. "Boti ile nahodha wake ni Nassir, mume wangu. Mwaka wa tatu huu. Ilipopigwa na wimbi wenziwe waliruka. Wanasema yeye aliingia chumbani kuwatafutia makoti ya kujiokolea, ikazama naye. Hakukoshwa, hakuvikwa sanda, sina hata jiwe la kukaa kando yake. Na hawa wageni wakipanda juu wanakula viazi vyangu wakicheka, wanasimuliana ya mle chumbani. Dunia nzima imezuru kaburi la mume wangu, afande. Mie mkewe sijafika. Nimemtamani mume wangu hadi nimekuwa mwizi."

Karisa alijibwaga mchangani. "Laiti ningejua! Mbona hukuniuliza?"

"Ningeanzia wapi? Nikawa nauliza maji."

"Dada Twaiba, chumba kile nimekiingia mara mia, kila pembe. Mna samaki tu, chewa na mkunga mmoja. Mtu hamna. Hata mfupa."

"Hayumo?"

"Hayumo."

"Basi yuko wapi?"

Mercy alisema kwa sauti ndogo kuwa yeye hana kesi, vyake amevipata. Kaindi alitoa daftari mfukoni, lakini lilikuwa limelowa chepechepe. Akamwomba Mercy karatasi kavu.

"Kupotea kwake mliripoti polisi?"

"Nani aripoti? Waliniambia amekwisha. Nikakaa eda."

Juu ya karatasi Kaindi aliandika: *Mtu aliyepotea.* Alijua vyema kwamba bahari ya miaka mitatu hairudishi mtu. Aliandika vivyo hivyo.

"Jina lake kamili?"

"Nassir Hamisi Boga."

"Kimo?"

"Mrefu. Huinama akiingia mlangoni."

"Siku hiyo alivaa nini?"

"Shati la kijani. Nililipiga pasi mwenyewe."

"Alisema nini akiondoka?"

"Kwamba atachelewa, nimwekee chakula."

"Ukamwekea?"

Twaiba alifuta macho kwa ncha ya leso.

"Namwekea mpaka leo."