Kwa Nini Laban Hakuleta Mbuzi

"Laban, nakuuliza mara ya mwisho. Mbuzi unaleta lini?"

Laban hakujibu. Alikuwa amembeba Mama Nzembi, mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti, anamtoa kitandani kumpeleka barazani akaote jua. Na wewe niambie, utamjibu vipi mwanamke mwenye hasira huku umembeba mamake?

"Susu, shika shingo," alimwambia mama taratibu. Ndivyo alivyomwita, Susu, yaani bibi.

"Nimeshika. Na wewe usinitingishe kama gunia la mbaazi."

Alimkalisha, akamwekea mto kiunoni, akamgeuza kidogo auone mlima wa Iveti na watu wanaopita barabara ya Mumbuni. Kisha akamfunika miguu kwa leso. Nywele zake mwenyewe zilikuwa bado na nyuzinyuzi za kitambaa, maana alikuwa ametoka moja kwa moja shifti ya usiku, kiwanda cha nguo kule EPZ Athi River. Hivyo ndivyo alivyofanya kila asubuhi. Anamwinua mama, anamnywesha uji, anamsimulia umbea wa kiwandani, na Ndanu anapata saa zake za kuchora. Ndipo anaenda kulala.

Ndanu alikuwa mchoraji, na si wa mabango ya hoteli. Alichora wanawake wa soko wakiwa wakubwa kama mlango, na Nairobi kulikuwa na mama mmoja wa ukumbi wa sanaa, Rehana, aliyekuwa amempa nafasi ya onyesho lake mwenyewe, la kwanza maishani. Bila asubuhi za Laban, hakuna picha hata moja ingekuwa imekamilika.

Ndanu alimvuta Laban hadi jikoni.

"Nimekuuliza kitu."

"Ndanu, si sasa."

"Si sasa, si sasa! Huo wimbo nimeuzoea. Kwani mimi ni nani yako?"

"Wewe ni roho yangu."

"Roho haina mahari? Mbuzi tatu tu, Laban. Hata Musyoka wa kinyozi alileta."

Laban akatazama chini. "Ningojee kidogo."

"Ningojee nini?"

Akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea, masikini. Ukimnyima mwanamke jibu, atajitafutia lake, na hilo halitakuwa zuri kwako.

Maana kwa Wakamba, mwanamume anaweza kukupenda mpaka akonde, lakini kama hajafikisha kwenu mbuzi wa ntheo, wewe si mke wake. Mkionekana pamoja sokoni watu watauliza, "Huyo ni rafiki yako?" Rafiki! Na Ndanu alikuwa ameshaanza kung'oa mvi mbele ya kioo.

Siku hiyo hiyo mchana simu ikaita. Alikuwa Kavindu, mdogo wake mama, mwanamke ambaye habari humfikia kabla haijatokea.

"Ndanu, umekaa?"

"Nimesimama, mwaitu mdogo."

"Basi kaa. Huyo Laban wako ana mbuzi Katangi, kwa mjomba wake. Mbuzi za ntheo, zimetengwa, hazichinjwi, haziuzwi. Nimeambiwa na mtu wa huko huko."

"Hajaniambia kitu."

"Ndio hapo sasa! Kama si zako, ni za nani? Kijana anakula uji wenu asubuhi, mbuzi anapeleka kwingine. Wewe umekuwa wa kuchorachora tu hapo, huoni."

Ndanu alikaa kwenye kigoda cha jikoni akashindwa kuinuka. Kisha akamwandikia Laban:

"Nimejua kuhusu mbuzi za Katangi. Usikuje tena kwetu. Mungu akubariki na huyo wako."

Jibu la Laban likaja:

"Si vile unafikiri. Lakini sawa. Kesho nani atamwinua Susu?"

"Hiyo haikuhusu."

"Niruhusu nikuje nimwinue tu. Sitaongea."

Ndanu akafunga geti kwa kufuli. Asubuhi Laban alikuja akabisha, akaita, na Ndanu akasimama nyuma ya pazia akiwa ameng'ata leso mpaka akaenda zake.

Jamani, mzigo usiubeze hadi uubebe mwenyewe. Mama Nzembi hakuwa mnene, lakini nyonga yake ilivunjika zamani ikaunga vibaya, na kumwinua bila kumuumiza kulitaka nguvu na maarifa. Ndanu alijaribu, mama akalia. Akamwita jirani, mama akalia zaidi. Mwishowe mama akabaki kitandani, anatazama bati, na vidonda vikaanza kumtoka mgongoni. Ndanu akawa anafua shuka, anapika uji, anamgeuza, anapaka dawa. Rangi zilikauka kwenye makopo.

Rehana akapiga simu.

"Ndanu dada, picha za mwisho ziko wapi?"

"Nisongezee tarehe, tafadhali. Mama amezidiwa."

"Pole sana, mpenzi. Wallahi ningeweza ningesongeza. Lakini ukumbi si wangu peke yangu. Mwenzako Zubair picha zake ziko tayari."

"Basi mpe Zubair."

"Usikasirike."

"Sijakasirika, Rehana. Mpe tu."

Alikata simu, akarudi chumbani kumgeuza mama. Sijui kama ni machozi yaliyomziba macho ama uchovu. Alimwinua mama nusu, mguu ukateleza kwenye mkeka, wakaenda chini wote wawili. Bahati mama aliangukia juu yake. Walibaki pale sakafuni, mgongo wa Ndanu kwenye mbao za kitanda, mama kifuani kwake.

"Umeumia, mwaitu?"

"Sijaumia. Wewe?"

"Mimi nimechoka."

Mama akavuta pumzi. "Mrudishe Laban."

"Laban anaoa. Ana mbuzi Katangi."

"Hizo mbuzi ni zako."

"Ati nini?"

"Ni zako. Alizinunua kitambo. Alikuja kuniambia mimi kwanza, ukiwa umeenda Nairobi. Akakaa hapo kwa kiti anatoa jasho kama mtu ameshikwa na askari. Mimi nikamwambia asilete."

"Wewe?"

"Mimi. Nikamwapisha asikwambie."

"Mwaitu, kwa nini?"

"Unakumbuka vile nilivunjika?"

Ndanu alikumbuka. Nani angesahau? Nzau, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa amekuja kuwatembelea. Ilikuwa siku ya soko, wanawake wote wametoka. Mama akateleza bafuni. Nzau akasikia kishindo, akakimbia hadi mlangoni, na mama akampigia kelele asithubutu kuingia, maana mkwe hamtazami mama mkwe, hamgusi, hata mkono hampi. Hiyo ndiyo nthoni, ile haya ya ukwe. Nzau alisimama nje ya mlango analia, anaita majirani ambao hawakuwepo, na mama akalala kwenye simiti yenye maji mpaka wanawake waliporudi sokoni. Hakuna aliyemlaumu Nzau, wala mama.

"Laban akileta mbuzi anakuwa muthoni wangu, mkwe," mama akasema. "Mikono yake inaisha kwangu siku hiyo hiyo. Nikaona nitarudi kitandani nihesabu misumari ya bati mpaka nife. Nikamwambia, wewe niite Susu. Bibi na mjukuu hawana nthoni, hata matusi wanatupiana. Ngoja nikienda, ndio ulete mbuzi zako."

"Na akakubali?"

"Alilia kwanza. Halafu akakubali."

Ndanu alitaka kuinuka aondoke, lakini utaondokaje na mamako amekulalia kifuani? Hasira yote ilibidi aitolee pale pale.

"Mwaitu, mimi nimelia kwa hii nyumba. Watu wameniita majina mabaya mpaka kanisani. Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia. Ukuta ni mwembamba."

"Na ukanyamaza!"

"Nikanyamaza." Sauti ya mama ilikatika. "Jua lilikuwa tamu, Ndanu. Kukaa nje tu nione watu wakipita. Nilikuibia mume kwa sababu ya jua. Nisamehe ama usinisamehe, lakini ndio hivyo."

Ndanu hakusema amesamehe. Alimkumbatia tu, wakalia pamoja, hadi jirani aliyesikia akaingia na binti zake wakawainua.

Kisha akatoka uani akapiga simu. Laban alishika kabla haijaita vizuri.

"Susu ameanguka?"

"Ameniambia yote."

Ndanu akasogea mbali na dirisha la mama.

"Laban, kwa nini hukuniambia? Mimi ndiye mpenzi wako, si yeye!"

"Ningekwambia ungefanya nini? Ungechagua mbuzi, ujichukie. Ama ungechagua mama, umchukie. Nikaona afadhali unichukie mimi."

"Kwa hivyo ulikuwa unangojea mama yangu afe."



"Hapo ndipo paliponishinda," Laban akasema. "Kila asubuhi namuuliza ameamkaje. Akisema ameamka salama nafurahi, wallahi nafurahi. Halafu nikienda kulala nakumbuka wewe unazeeka ukiningoja. Sijawahi kujua niombe nini kwa Mungu."

Ndanu aliegemea ukuta, akafuta pua kwa mkono.

"Rudi," alisema. "Mbuzi wacha wakae Katangi. Nitangoja. Wewe rudi tu umtoe nje."

Mambo yangeishia hapo, mimi nisingekuwa na la kuongeza. Lakini mama alikuwa ameshaomba simu ya jirani, ameshampigia Kavindu.

"Jumamosi mbuzi wanakuja," alimtangazia Ndanu alipoingia.

"Hapana, mwaitu. Tumeelewana na Laban. Hatutaki."

"Nani amekuuliza? Mbuzi huletwa kwako ama huletwa kwangu?"

"Na nani atakuinua?"

"Kavindu. Si ndiye alitaka mbuzi? Atakuja asubuhi, magoti yake yapende yasipende."

"Mwaitu, anti hawezi. Utaumia."

"Nitaumia. Ndanu, nimekula asubuhi zako za kutosha. Niache nikurudishie chochote kilichobaki."

Ndanu akapiga magoti kando ya kitanda akamsihi, akalia, akakasirika. Mama aligeuza uso ukutani. Alipokuwa na nguvu, aliwashinda wazee wa ukoo mzima kwa ubishi, na ule ubishi haukuwa umevunjika nyonga.

Jumamosi, Laban alifika asubuhi kabla ya wageni, peke yake, bila mbuzi. Alikuwa amenyolewa, amevaa shati jeupe. Aliingia chumbani kama kawaida.

"Susu, umeamkaje?"

"Nimeamka. Njoo mara ya mwisho, mjukuu."

Alimwinua polepole kuliko siku zote. Mama alishika shingo. Barazani Laban hakumweka mara moja, alisimama naye tu, anatazama mlima, na Ndanu aliyekuwa mlangoni hakuthubutu kuwaharakisha.

"Wee, mikono haichoki?"

"Haichoki."

"Niweke. Wageni watatukuta."

Akamkalisha, akaweka mto, akapanga leso miguuni. Mama akamshika uso kwa viganja vyote viwili, akamtemea baraka kifuani kama wazee wanavyofanya, akasema, "Sasa toka. Na ukirudi usinitazame."

Laban alitoka getini analia waziwazi bila kujificha. Baadaye kidogo geti likafunguliwa tena, akaingia nyuma ya mjomba wake na wazee, mbuzi watatu mbele, wamenona hata wanahema. Hakuinua macho. Mama Nzembi aliivuta leso akafunika uso. Kavindu akapiga kigelegele kilichosikika mpaka sokoni, wanawake wakaitikia, na wazee walipokubali mbuzi, Ndanu akawa mke wa mtu. Alicheka na akacheza. Ni kweli alikuwa na furaha, asikudanganye mtu.

Ilikuwa wakati wa kula. Mama, ambaye hakuwa amezoea kukaa muda mrefu hivyo bila mtu wa kumrekebisha, alianza kuteleza kwenye kiti. Kichwa kikaenda upande, mkono ukatafuta pa kushika, ukakosa.

Laban ndiye aliyeona kwanza. Aliruka, sahani ikamwanguka, akapiga hatua mbili ndefu kuelekea barazani. Kisha akasimama. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa mbele, mitupu, watu wote wanamtazama.

"Ndanu!" aliita. "Ndanu, kimbia!"

Ndanu akafika, akapiga goti moja, akapitisha mkono mgongoni na mwingine chini ya magoti, jinsi alivyomwona akifanya asubuhi zote zile. Mama akaguna kwa maumivu chini ya leso. Laban alikuwa amewapa mgongo, kama mkwe mwema anavyopaswa, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

"Nimekuumiza, mwaitu?"

"Umeniumiza," mama akanong'ona. "Lakini usimwambie."