Gauni la Bluu Lililotoka Kijani

"Hili gauni ni la nani?"

"La mama."

"Mama yangu hakuwa na gauni la kijani, Lenzi. Nakuuliza tena. Hili gauni ni la nani?"

Picha kumi na mbili zilikuwa zimepangwa mezani pale studio kwa Lenzi, nyingine bado hazijakauka pembeni. Zote zilikuwa za mwanamke mmoja: nesi mstaafu wa miaka sitini na nne, ameketi kwenye kiti cha mbao mbele ya ua wa nyumba yake. Majani ya ua yalikuwa zambarau. Anga ilikuwa kijani. Uso wake ulikuwa wa rangi ya shaba iliyosuguliwa.

Mama huyo alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita. Aliyekuwa akiuliza ni mwanawe wa pekee, mpima ardhi, mchumba wa Lenzi kwa miaka miwili. Lenzi alimpachika jina la Rula, maana alikuwa mtu wa kunyooka katika kila jambo.

"Ni filamu niliyotia kwenye kamera," Lenzi alisema. "Ni ya majaribio, inabadilisha rangi. Majani yanatoka zambarau, bluu inatoka kijani. Nyekundu tu ndiyo haiguswi."

"Na za kawaida ziko wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Mkanda wa kawaida nilikuwa nao kwenye mkoba. Nilianza na huu. Tulipomaliza mama akasema amechoka. Nikamwambia nitarudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo alikuwa amelazwa."

"Najua."

"Kwa nini ulianza na huu?"

"Kwa ajili ya maonyesho. Nilihitaji picha za wazee, na mwanga ulikuwa mzuri saa ile."

Rula aliishika picha moja kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake.

"Kwa hiyo ulijifunzia kunyoa kichwani kwa mama yangu."

"Rula..."

"Ulimwambia atatoka hivi?"

Hapo Lenzi angeweza kudanganya. Aliyeujua ukweli hakuwepo tena duniani.

"Aliniuliza zitatokaje. Nikamwambia zitatoka vizuri. Basi."

Rula aliirudisha picha mahali pake, akainyoosha ilingane na zenzake, akatoka. Mlango hakuubamiza.

Jioni ikaingia meseji:

*"Sitaki kukutukana. Ila kila nikikuangalia nitakuwa naona ulichomfanyia mama. Hii ndoa siiwezi. Tuachane kwa amani."*

Lenzi aliandika jibu refu, akalifuta. La pili nalo akalifuta. Alichotuma ni hiki:

*"Nimekuelewa. Nilikosea. Pole."*

Kesho yake aliwapigia watu wa maonyesho, akawaambia picha zake wasizitarajie. Wiki mbili zilizofuata alifanya kazi kama kawaida: picha za pasipoti, mahafali, mtoto mmoja aliyekataa kabisa kufumbua macho. Jioni aliingia chumba cha giza, akazichapa upya zile kumi na mbili kwenye karatasi ya nyeusi na nyeupe. Zambarau ikapotea, na kijani pia. Alizitia kwenye bahasha, akakosa wa kumpelekea.

Siku ya kumi na tano simu ikaita.

"Mkwe, hujambo?"

Ilikuwa sauti ya baba yake Rula.

"Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia una picha za mke wangu."

"Ninazo, baba. Lakini mwanao hataki..."

"Mwanangu ni mwanangu. Mke alikuwa wangu. Zilete, na usiache hata moja."

Mzee alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba: cherehani mbili, pasi, vipande vya chaki, na futi ya kupimia shingoni mwake. Alimwonyesha Lenzi kigoda, akavaa miwani.

Akaanza na bahasha ya nyeusi na nyeupe.

"Nzuri," alisema. "Za kubandika kwenye kitambulisho. Nyingine?"

"Baba, hizo nyingine zitakuumiza."

"Binti, nimezika mke. Lete."

Akazipitia moja moja, taratibu. Alipofika ya saba aligusa gauni kwa kidole.

"Gauni hili nimelishona mimi. Mita tatu na nusu. Bluu."

"Najua. Nimekuharibia."

"Hukumwambia zitatoka hivi?"

"Sikumwambia. Niliogopa atakataa, na mimi nilizitaka."

"Hilo ni kosa."

"Ndiyo, baba."

"Kubwa."

"Ndiyo."

"Haya. Limekwisha semwa." Akaisogeza ile ya saba karibu na taa ya cherehani. "Sasa niambie. Hapa anacheka nini? Huyu hakuwa mtu wa kucheka mbele ya kamera. Hata siku ya harusi yetu alinuna kama kapigwa faini."

"Anakucheka wewe."

"Mimi?"

"Alisema mkono wa kushoto wa gauni ni mrefu kuliko wa kulia. Alisema siku uliyompa ulifurahi sana, akaona haya kukuambia. Akaukunja ndani, akaupiga sindano kwa mkono, akavaa miaka kumi na moja. Siku ile akaufumua, akanyoosha mikono yote miwili nione. 'Angalia kazi ya bingwa,' akasema. Ndipo nikapiga."

Mzee aliinuka, akaingia ndani. Alirudi na gauni lenyewe. Akalitandaza mezani, akavuta futi shingoni, akapima mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akapima tena.

"Sentimita ngapi?"

Wote wawili waligeuka. Rula alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa dawa za presha za baba yake. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini.

"Tatu na nusu," mzee alisema.

"Haiwezekani. Lete nipime."

Akapima. Ilikuwa tatu na nusu.

Mzee ndiye aliyeanza kucheka, mabega yakitikisika, mpaka ikabidi avue miwani ajifute. "Miaka kumi na moja! Na mimi nimefundisha watu ufundi!" Rula aliketi sakafuni akilishika gauni, naye akacheka. Kisha hakuwa anacheka tena. Lenzi alichukua mkoba wake akatoka nje.

Rula alimkuta kwenye ngazi.

"Mbona siku ile hukuniambia hayo?"

"Ungesikia?"

"Nisingesikia."

"Na ingekuwa kama najitetea. Gauni la kuchekesha halifuti kwamba sikumwambia."

"Kweli halifuti. Bado nina hasira nawe."

"Najua."

"Na maonyesho?"

"Nimejitoa. Zile picha ni zenu."

Rula aliangalia viatu vyake. "Mzee anataka ile ya mikono aitundike ukutani. Si ya nyeusi na nyeupe. Anaitaka yenye rangi zake hizo hizo."

"Na wewe?"

"Mimi sijui bado. Niache kwanza."

"Sawa."

Lenzi alishuka ngazi tatu.

"Lenzi."

"Naam."

"Kesho tunakula na mzee. Njoo."

"Ndiyo umenirudia hivyo?"

"Nimekualika chakula."

"Basi nitakuja kula."

"Njoo mapema. Mzee hapendi kungoja." Akageukia mlango. "Na mimi pia."

Alikwenda. Akaenda na kesho kutwa yake. Hasira, Rula alikuja kusema mwenyewe, ilikaa kama miezi minne, ikapungua bila yeye kujua ni lini hasa. Mwezi wa saba tangu chakula kile walifunga ndoa ofisini kwa msajili, mzee akiwa shahidi wa kwanza. Picha alipiga mtu mwingine, kwa mkanda wa kawaida, baada ya kumwuliza bibi harusi na bwana harusi, kila mmoja kwa zamu yake, kama wamekubali.