Mkalimani Aliyejitoa Chumbani

Ukumbi wa uhamiaji ulifurika watu, kila mmoja na bahasha yake kifuani. Katika msukumano ule, binti mwenye gauni la kijani alilolishona mwenyewe alimkanyaga kijana mwenye kitambulisho cha kazi shingoni.

"Samahani, kaka."

"Usijali, dada. Nina mguu mwingine."

Binti akacheka, akajishangaa. Alikuwa fundi cherehani, amekimbia vita pamoja na shangazi yake. Kijana alikuwa mkalimani wa ofisi ile, na ndiye aliyemtafsiria siku hiyo. Binti akapata hifadhi ya muda na kibali cha kazi cha mwaka mmoja.

Wakakutana tena sokoni, wakapeana namba. Simu zikawa za kila jioni.

"Umekula, fundi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Maneno unayo! Ofisini wanakulipa kwa neno?"

"Haya yako natoa bure."

Lakini neno lenyewe hakulisema. Ulimi uliozoea kubeba maneno ya wengine ulikuwa mzito kwa ya kwake.

Mwaka ukayoyoma. Kwao bunduki hazikunyamaza. Bila kibali kipya, kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kingemwachisha, na yeye na shangazi wangerudishwa kulekule kwenye moto.

"Kesho utakuwepo?" binti aliuliza simuni.

"Nitakuwepo. Lala."

Kesho yake akaingia chumba cha mahojiano. Kiti cha mkalimani kilikaliwa na mama wa makamo mwenye miwani. Akajibu kila swali huku akihisi sakafu inamkimbia.

Alipotoka, kijana alikuwa kwenye ngazi, shati jeupe limelowa jasho.

"Usinisogelee."

"Nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza mwaka mzima. Siku ya kunifaa, simu umezima. Kama una mwanamke, ungesema jana."

"Ninaye. Ni wewe."

Binti akashika reli ya ngazi.

"Kabla ya kutafsiri tunatia sahihi kwamba hatuna undugu wala mapenzi na anayehojiwa," kijana alisema. "Jana nilidhani nitaweza. Leo mkono umegoma. Ningedanganya wakagundua, faili lako lingetupwa. Nikamwambia bosi kwamba nakupenda. Akachukua simu yangu, akaizima mpaka umalize."

"Bosi wako amejua kabla yangu?"

"Na yule mama mwenye miwani."

"Kumbe. Ndiyo maana alikuwa ananikagua kama mkwe."

Kijana alitaka kucheka, akashindwa. Majibu yalikuwa ya mchana uleule.

"Hata wakikataa, nitakuoa. Utabaki."

Macho ya binti yakawaka. "Sitaki mume wa kuniokoa. Nikikubali hapo, kila tukigombana utajiuliza kama nilikupenda wewe au kibali. Wakikataa, usiniulize habari ya ndoa kabisa."

"Utarudi vitani kwa sababu ya kiburi?"

"Sina kingine nilichotoka nacho kule."

Wakakaa ngazi moja, nafasi ya mtu wa tatu katikati yao. Watu walishuka wakilia, wengine wakipiga simu kwa kelele. Kijana alitafuna ukucha. Binti alikunjua ukingo wa kitambaa chake cha kichwa, akaukunja, akaukunjua tena.

Jina lake likaitwa. Akaingia. Kijana akasimama, akakaa, akasimama.

Mlango ukafunguliwa. Binti alishuka polepole, ameshikilia ukuta.

"Wamekataa?"

"Wameongeza mwaka. Na kibali cha kazi."

Kijana akakaa palepale chini. Binti akakaa karibu yake, bega kwa bega.

"Haya," akasema. "Sasa niulize."