Mtu wa Tisa wa Mto Sagana

Wamae aliwahesabu watu sebuleni mwake akapata tisa, na waliotarajiwa, pamoja naye na mkewe, walikuwa wanane.

Aliwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, vile alivyoihesabia serikali watu wake. Mwaka uliotangulia, wakati wa sensa, alizunguka vijijini na kalamu sikioni akiwacheka vikongwe. Ukimwuliza bibi ana watoto wangapi, anakujibu ati ni wale aliopewa na Mungu. Kwao mtu hahesabiwi, kwa sababu kumhesabu ni kumtafutia kifo. Wamae alirudi ofisini akiwaigiza sauti, makarani wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu. Ndivyo alivyokuwa huyo bwana, kidato cha nne kimemwingia kichwani akadhani dunia yote inaenea kwenye fomu.

Jumamosi hiyo walikutana kwake, mtaa wa Skuta, kupanga safari ya mitumbwi. Naam, mitumbwi. Watu wa mlimani, ambao baba zao walivuka mto juu ya gogo na kushukuru kufika ng'ambo, sasa walitaka kulala kwenye mahema na kuelea Mto Sagana siku mbili kwa raha zao. Kulikuwa na mzungu aliyeuza shamba akarudi kwao, na Mathenge, mkubwa wa ofisi yao, akanunua mitumbwi yake minne ya viti viwili viwili bila kujua hata mbele ni wapi. Mkubwa akipenda kitu, ofisi nzima inakipenda. Wangekwenda Mathenge na mkewe, Simiyu na mkewe Keziah, makarani wawili wasiooa, na Wamae na mkewe Murugi. Simiyu alikuwa amekulia kando ya Mto Nzoia na ndiye pekee aliyewahi kushika kasia, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza neno.

"Tuko tisa," Wamae alisema.

Mathenge alimtania kwamba karani wa takwimu ameshindwa kuhesabu chumba. Wamae akarudia, kidole kikipita usoni kwa kila mmoja, akapata tisa. Kila uso aliufahamu. Alipowataja kwa majina walikuwa wanane, alipowahesabu walikuwa tisa, na wageni walipoondoka Murugi alikusanya vikombe tisa vilivyotumika. Kimoja kilikuwa na maji ya matope.

Mamake Wamae, mzee Watiri, aliyekuwa amekuja kutoka Kangema kutibiwa miguu, alikinusa kile kikombe akakiweka nje ya mlango. Alimwuliza mwanawe kama alikuwa ameutaja mto huku akiwahesabu watu. Wamae akajibu kwamba huo ndio ulikuwa mkutano wenyewe, angetaja nini, ukuta?

"Mto uko na watu wake," Watiri alisema polepole. "Ukiita watu wako kwa kidole, na wa huko anaitika. Sasa anataka kiti. Na viti ni vinane."

Wamae alimwambia mamake anywe dawa alale. Ya watu wa mto hayakumhusu, lake lilikuwa Kerugoya. Huko ofisi ilikuwa imebaki bila kiongozi, na Mathenge ndiye angesema nani apelekwe. Murugi alikuwa haogelei. Maji yakipita kiunoni alikuwa akitetemeka, na alikuwa amemwomba mumewe mara tatu amwache nyumbani. Wamae alimjibu kwamba wake za wenzake wanakwenda, na kwamba hatakubali Mathenge aone ameoa mtu wa kuogopa maji ya kuoga. Maneno hayo aliyasema mbele ya mamake, na hakuona haya.

Wiki hiyo aliandika orodha. Mtumbwi wa kwanza nani na nani, hema lipi, nani abebe sufuria, nani abebe viazi. Asubuhi aliikuta imelowa mahali pamoja tu, kwenye mtumbwi wa nne, penye jina la Murugi. Wino ulikuwa umeyeyuka hadi jina halisomeki. Akasema paa linavuja. Akaandika nyingine, akaifungia ndani ya kabati la ofisi lisilokuwa karibu na paa lolote bovu, na kesho yake jina la Murugi lilikuwa limekwenda tena, karatasi ikinuka majani yaliyooza ndani ya maji. Aliandika mara ya tatu, kwa penseli. Penseli nayo ikafutika. Mtu mwenye akili angeacha hapo, lakini yeye akanunua karatasi nene zaidi.

Jumamosi ya pili wakafanya mazoezi. Ungewaona ungelia kwa kicheko. Waliuteremsha mtumbwi mmoja kwenye nyasi za uani, wakaingia wawili wawili, watu wazima wenye tai, wakapiga makasia hewani huku majirani wamejipanga uani kwao. Mathenge alitoa jasho, mkewe akavunja kucha. Simiyu alitaka kuwaonyesha namna ya kugeuza kasia, akaambiwa angoje zamu yake.

Ilipofika zamu ya watu wa mtumbwi wa nne, Wamae alikaa mbele, Murugi akainua sketi kidogo akakaa nyuma. Hapo hapo akasimama. Alishuka, akatembea hadi mlangoni, na Wamae alipomfuata kwa hasira akamkuta ameshika ukuta, nyuma ya sketi yake kumelowa maji chapachapa ingawa jua la saa tisa lilikuwa linawaka na nyasi zilikuwa kavu.

"Nimekalia magoti ya mtu," alimnong'oneza. "Ni baridi. Na alijisogeza kidogo, ni kama ananipa nafasi."

Wamae alifungua mdomo amkemee, lakini ile harufu ya kikombe na ya karatasi ilikuwa imesimama pale kati yao, nzito, na kutoka uani walikokuwa wenzake wakicheka alisikia pia kasia likipigwa taratibu juu ya nyasi, ingawa ndani ya mtumbwi hapakuwa na mtu. Aliogopa, aliogopa sana. Lakini ati aende kumwambia Mathenge safari imevunjwa na vikongwe? Na Kerugoya je?

Kwa hiyo akafanya kile ambacho waoga wenye cheo hufanya, akaenda kwa siri kwa yule aliyekuwa akimdharau. Watiri hakumcheka. Alimpa mbegu nane za njahi, yale maharagwe meusi, na kibuyu kidogo. Kila mtu apewe mbegu yake na aitie kibuyuni kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kugusa maji, kisha kibuyu kitupwe mtoni kikiwa kimezibwa. Asiye na mbegu hana kiti. Na kilicho ndani kisihesabiwe.

"Umesikia, Wamae? Usihesabu."

Walifika mtoni asubuhi ya Jumamosi ya tatu, ukungu wa Julai umefunika maji hadi huoni ng'ambo. Mbegu alikuwa amezigawa njiani, ndani ya lori, akiwaambia wenzake ni mchezo wa bahati. Sasa kibuyu kilipita mkono kwa mkono katika ule weupe, kikamrudia, naye akatia yake. Angekiziba akatupa, ingekuwa basi. Lakini mwacheni karani. Alijitenga kidogo, akamimina mbegu kiganjani, akahesabu. Zilikuwa nane. Moja ilikuwa baridi na imelowa, akasema ni ukungu. Nane! Karibu arukeruke. Alizirudisha, akaziba, akatupa kibuyu mtoni, na dharau yake yote ikamrudia moyoni kwa mpigo mmoja.

Mtumbwi wake uliondoka wa mwisho. Alikaa mbele, akasikia ukididimia nyuma yake mtu alipoingia, kisha ukasawazika na kuondoka ukingoni bila yeye kutia kasia. Murugi hakulalamika, na jambo hilo likamgusa. Nyuma yake kasia lilizama, likavuta, likazama, likavuta, sawasawa, hata Simiyu asingeweza hivyo, na harufu ya matope na majani yaliyooza ilikuwa kila mahali lakini mtoni huko utanuka nini kingine, na Wamae, kwa raha ya mtu aliyeponea chupuchupu, akajikuta anasema maneno ambayo hakuwahi kumwambia mkewe, kwamba amsamehe, kwamba alimburuta kwenye maji kwa sababu ya cheo, kwamba kama leo angempoteza asingekuwa na haja na Kerugoya wala ofisi yoyote chini ya jua, na kwamba jioni wakifika salama ataomba radhi mbele ya mamake.

"Umenyamaza," alisema. "Bado umekasirika?"

Sauti ya Murugi ilimjibu kutoka mbali, kule ukingoni walikotoka.

"Wamae, mbona umeniacha? Nilikuwa nimerudi kwenye lori kuchukua sweta. Mbegu yangu bado niko nayo hapa mkononi."

Alikuwa salama, juu ya nchi kavu. Wamae alishukuru kwa hilo, na shukrani hiyo ilikuwa ya kweli. Hakugeuka nyuma. Alitazama mbele, ukungu ulipofunguka kidogo, akaona mitumbwi mitatu ya wenzake ikipinda kona ya mto, nao mtumbwi wake ukaiacha njia yao ukashika upande wa maji meusi yasiyokwenda. Akaanza kuhesabu, maana hakuna kingine alichojua kufanya. Mbele walikuwa sita. Yeye wa saba. Nyuma yake kasia likazama taratibu, likavuta.