Chai ya Lokitaung

Kila asubuhi Wakesho alifagia ua wao mjini Voi, kisha akaenda shule huku akikariri maisha ya Mzee Kenyatta. Siku ya Kenyatta ilikaribia, nayo mwaka huo wa 1994 mwanafunzi mmoja wa darasa la saba angeyasimulia mbele ya Bwana DO, mkuu wa tarafa, na wazazi wote. Wakesho na mwenzake wa darasani, Nasiha, walikuwa sawa kabisa kwa kukariri.

Basi Wakesho akatia chumvi.

"Mwalimu, babu yangu alikuwa mpishi gerezani Lokitaung. Mzee alipofungwa huko alikunywa chai ya mkono wake."

"Kumbe tuna hazina na hatujui," akasema Mwalimu Tryphena. "Utasimulia wewe. Na babu nitamwalika mwenyewe."

Maskini Wakesho, mdomo ulikuwa umeponza kichwa. Babu Obadiah alikuwa mkulima wa kabichi kule milimani Mwanda. Hata Nairobi hakuijua, sembuse Lokitaung. Akisema kweli, Nasiha angemcheka. Akinyamaza, babu angeaibika mbele ya watu. Usingizi ukamkimbia.

Mkesha wa sherehe babu akafika, amevaa koti la kanisani.

"Mwalimu wako amesema nitaketi mbele na DO," akasema kwa furaha. "Sijui nimefanya nini, lakini ndevu nimenyoa."

Wakesho aliona haya mpaka akatamani ardhi immeze. Asubuhi akashindwa kuvumilia, akamweleza yote huku akilia.

Babu akaomba kikombe cha maji. Watu wa kabila lake, Wadawida wa zamani, hawakuacha hasira juu ya mtoto ilale moyoni, maana waliamini ingemdhuru mtoto huyo. Babu akapiga funda, akayapuliza maji chini.

"Nina uchungu na mtoto huyu. Amenivika koti la mtu mwingine. Uchungu na utoke, mtoto abaki salama." Akaweka kikombe. "Yangu nimemaliza. Imebaki yako."

"Babu, twende zetu Mwanda."

"Twende shule."

Uwanjani Wakesho aliitwa. Akapanda jukwaani.

"Babu yangu ni mkulima," akasema. "Hakumpikia Mzee chai. Nilidanganya ili nichaguliwe. Nafasi hii ni ya Nasiha."

Wenzake wakacheka, naye Mwalimu Tryphena akainamisha kichwa. Wakesho akashuka, akaenda kuketi karibu na babu, ambaye alikuwa amejichagulia kiti cha nyuma.

Nasiha akasimulia vizuri: Mzee alivyokamatwa mwaka wa 1952, akafungwa Lokitaung, akaachiliwa mwaka wa 1961, hatimaye akawa rais wa kwanza wa Kenya. Watu wakapiga makofi.

"Umesikia?" babu akamnong'oneza. "Mzee alifungwa na watu, ikabidi angoje watu wamfungulie. Wewe ulijifunga mwenyewe kwa ulimi, na ufunguo ulikuwa nao siku zote. Ukweli ungeusema siku ile ile, usingekosa usingizi."

"Ndiyo, babu."

"Haya, sasa nenda ukaniletee chai. Leo mpishi ni wewe."