Fomu ya Shimo la Malakia

Wewe ushawahi kusaini kitu hujakiangalia? Rafiki yangu Mathiang, ambaye digrii yake imeshika vumbi kama yangu, alipata kibarua cha kupitisha bomba chini ya barabara, mtaa wa Malakia. Kila asubuhi alinakili fomu ya hatari ya jana: "Watu walio chini: sifuri."

"Ya zol, bwana, si tupime ardhi kwanza?" Mathiang akamuuliza msimamizi.

"Saini, ama urudi mtaani kwako Atlabara ukalale na digrii yako!" msimamizi akafoka.

Akasaini. Mchana mashine ya kuchimba ilipozimwa, kitu kikagonga ndani ya giza la bomba, mara tatu, polepole.

"Mawe tu. Khalas, yameisha!" msimamizi akasema.

Asubuhi Mathiang akafungua kabati la fomu alilolifunga mwenyewe. Fomu ya jana ilikuwa na udongo mbichi. Sifuri imekatwa, imeandikwa tisa.

Leo wanamtuma ashuke shimoni. Mabosi, hashuki! Shukeni nyinyi, mkahesabu.