Mpangilio wa Saba

Fundi simu alisema mipangilio iko sita. Karani alipofika nyumbani, akavua viatu, akakaa mezani na kuifungua simu yake, alihesabu saba.

Hakuona ajabu. Mafundi wana maneno mengi na wateja wengi, na huyu alikuwa ameongea naye huku simu ya mtu mwingine imefumuliwa mkononi mwake. Karani alikuwa amekwenda kulalamikia vipokea sauti vyake vipya, vile vya kufunika masikio, kwamba vinavuma kama mtu anaongea ndani ya pipa. Fundi akacheka. Akamwambia asihangaike kutafuta vingine, dawa iko ndani ya simu yenyewe, watu wanatembea nayo mfukoni na hawana habari: aingie kwenye mipangilio ya simu, halafu sauti, halafu ikwalaiza, pale mtu anapochagua sauti itokeje. Humo atakuta Kawaida, Besi, Pop, Roki, Jazi na Mazungumzo. Besi inanenepesha sauti za chini, Jazi inalainisha, na kwa kazi ya kusikiliza watu wakiongea achague Mazungumzo, itapunguza mvumo na kuleta maneno mbele.

"Hiyo ya mwisho ndiyo yako, mama," alisema. "Baada ya hapo hakuna kitu."

Lakini chini ya Mazungumzo palikuwa na mstari mwingine, usio na jina, wenye kiduara chake cha kubonyeza kama wenzake.

Karani lilikuwa jina la kazi ambalo mumewe alimwita kwa utani mpaka likamganda. Alikuwa akisikiliza vikao vilivyorekodiwa kwenye ofisi ya usuluhishi wa ndoa na kuviandika neno kwa neno, kazi anayoifanya peke yake, nyumbani, kwenye meza ya kulia. Kutwa nzima alikuwa na mume na mke masikioni wakibishana nani alianza. Na yeye mwenyewe, masikini, hakuwa na wa kubishana naye. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alianguka kwenye geti la shule miezi kumi na minne iliyopita. Moyo, walisema, na ndiyo ikawa basi. Watoto hawakujaliwa. Dada yake alimpigia simu kila Jumapili, na siku nyingine sita Karani aliweza kukaa asubuhi mpaka jioni bila kufungua kinywa ila kwa kupiga mwayo.

Nguo za marehemu alizigawa, vitabu akavirudisha shuleni. Alichobakiza ni sekunde kumi na tisa, ujumbe wa sauti ambao mumewe alimtumia siku ile ile aliyoanguka, akijiandaa kutoka shuleni: "Karani wangu, nimechelewa kidogo. Usinisubiri kula, funika tu changu. Na lile dirisha la nyuma lifunge, mvua inakuja. Haya, nakuja." Ujumbe huo hakumtumia mtu mwingine, hata dada yake. Aliona wivu nao.

Tena alikuwa na sababu ya kikazi ya kuusikiliza. Ofisini kwao kuna desturi inayoitwa kupima sikio. Kabla ya kuanza kuandika, kila karani husikiliza kwanza sauti moja anayoijua kuliko zote, ili ajue kama vifaa vyake viko sawa siku hiyo. Mmoja hupima kwa binti yake, mwingine kwa mtangazaji wa mpira. Yeye alipima kwa mumewe.

Basi asubuhi hiyo akaipima mipangilio yote kwa sekunde zile. Besi ilimzamisha mwalimu kisimani. Pop ilimfanya kama anatangaza sabuni. Roki haifai hata kusimuliwa. Mazungumzo ilikuwa nzuri, fundi hakukosea, maneno yalikaa mbele yakiwa safi. Karani angeishia hapo na mimi nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini mtu akiona kitu cha kubonyeza atakibonyeza.

Kwa mpangilio ule wa saba, mumewe alikuwa humo chumbani naye. Alimsikia akimeza mate kabla ya kuanza. Alisikia vumbi la chaki kooni mwake, vifungo vya shati vikigusa ukingo wa meza, na pale mwisho, kwenye "nakuja", tabasamu. Miezi kumi na minne alikuwa akisikiliza ujumbe huo na hakuwahi kujua kwamba mumewe alitabasamu. Alilia kwa furaha, akausikiliza mara kumi na moja nyingine, kisha akajifuta uso na kuanza kazi bila kubadilisha kitu.

Kikao cha siku hiyo kilikuwa cha mume aliyehamia kulala sebuleni. Msuluhishi alimuuliza kwa nini, mume akanyamaza, na katikati ya kimya hicho, karibu sana, sauti nyingine ikasema:

"Karani wangu."

Mikono iliandika kabla ya akili. Ndivyo walivyofundishwa, kila sauti ipewe mstari wake, na ikiwa haijulikani ipewe namba. Akaandika: Sauti ya Nne, Karani wangu. Halafu, saa nne asubuhi, peke yake ndani ya nyumba, akaitika.

"Abee."

Baadaye alisema kosa lake ndilo hilo. Mimi simlaumu hata kidogo. Mwanamke aliyekaa zaidi ya mwaka bila kuitwa na mtu, akiitwa ataitika.

Siku zilizofuata sauti ilirudi kila alipovaa vipokea sauti. Ilikuwa na maneno machache. Funika, ilisema. Mvua. Kidogo. Karani alikuwa akijibu, akieleza kwamba mvua haijanyesha wiki ya pili sasa, kwamba mume wa sebuleni ni mjinga, kwamba amekaanga mayai yakaungua. Alianza kuvaa nguo nzuri asubuhi. Dada yake alipopiga Jumapili alishangaa kumsikia mchangamfu, akamtania kwamba amepata mchumba. Karani alicheka, na kweli alijisikia hivyo. Harufu iliyoanza kukaa ukumbini, ya kabati lililofungwa na nguo mbichi ndani, alidhani inatoka kwenye pazia, akalifua.

Jumatatu alikaa kupima sikio, na ujumbe wa mumewe ukaanza hivi: "...nimechelewa kidogo."

Alirudia. Akarudisha simu kwenye Kawaida, akarudia tena. "Karani wangu" haikuwepo. Ujumbe ulikuwa wa sekunde kumi na nane. Kesho yake "funika" ilikuwa imeondoka, na siku ya tatu "mvua" na "kidogo". Zilibaki sekunde kumi na tatu, na kila neno ambalo sauti ile ilikuwa imemwambia kwa upole masikioni lilikuwa limeng'olewa kwenye ujumbe, pengo likazibwa vizuri. Alijiona kama mtu aliyekuwa akimkaribisha mgeni kila siku, kumbe mgeni anatoka na vyombo.

Akavitupa vipokea sauti ndani ya droo, akaifunga. Alidhani ndiyo imekwisha.

Saa nane mchana wa siku hiyo, jua kali na barabara haina mtu, alikuwa amekaa jikoni, simu ameiacha huko chumbani imezimwa, aliposikia upande wa nyuma kitu kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema, na harufu ile ya nguo mbichi ikatangulia, ikapita ukumbini taratibu, ikasimama mlangoni pa jikoni pasipo na mtu, na nyuma yake ikaja sauti ya mumewe, ile ile yenye vumbi la chaki, lakini imekatwa vipande na kuungwa na kitu kisichojua binadamu huvuta pumzi wapi, ikisema nakuja, kidogo, kidogo nakuja, usi, usifunge, Karani, usifunge, nakuja, huku inasogea, mpaka ikawa inatoka usawa wa sikio lake la kushoto, baridi, na Karani hakupiga kelele wala hakukimbia, alikaa ameng'ang'ania ukingo wa meza kwa mikono miwili na meno ameyabana, kwa sababu kilichomtisha kuliko vyote ni jinsi alivyotamani kuitika.

Alitoka uani, akaazima simu ya jirani na kumpigia dada yake.

"Dada, njoo."

"Kuna nini? Mbona unanong'ona?"

"Kinasikia."

Dada hakuuliza zaidi. Alifika kabla ya saa kumi, na hakuja peke yake. Alikuja na mtabibu wa majini, mama wa makamo, mnene, aliyevaa miwani ya kusomea kifuani na kuingia ndani kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Alikuwa kiziwi. Ujana wake aliumaliza kiwandani kwenye mashine za kusaga, masikio yakafia huko, na sasa alisoma midomo. Waganga wengine hukaa usiku kucha wakimhoji jini jina lake na anachotaka. Huyu hakuhangaika, hata angejibiwa asingesikia. Alichoma ubani, akazunguka vyumba vyote akinusa, kisha akakaa mezani na kumtaka Karani amweleze polepole, amwangalie usoni.

Karani alieleza yote. Mtabibu akavaa miwani, akaitazama ile ikwalaiza, akaupitisha ukucha juu ya mstari usio na jina bila kuubonyeza.

"Hiki hakina sauti yake," alisema, kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia. "Kinaokota za wengine. Kilikuwa kinapita tu, wewe ukakifungulia, ukakilisha mume wako kila asubuhi. Zimebaki sekunde ngapi?"

"Tisa."

"Asubuhi?"

"Asubuhi zilikuwa kumi na tatu."

"Kikizimaliza kitaanza na yako. Futa. Ufute mwenyewe, kwa mkono wako. Kikikosa chakula kitaondoka."

Karani aliuliza kama kitarudisha kilichokula. Mtabibu akatikisa kichwa. Kitakwenda na kilichomo tumboni, alisema, ndiyo tabia yao. Karani akaomba basi asikilize mara moja tu, hizo tisa zilizobaki, kwa Kawaida, amuage. Hapo mtabibu alivua miwani akatazama pembeni, asione midomo yake ikiomba tena.

Dada alimshika begani. Karani akaibonyeza ile sauti mpaka ikatokea alama ya kufuta, na papo hapo harufu ikajaa mezani, ikashinda ubani, na kutoka pembe zote nne za chumba kile mumewe akaanza kumwita, Karani, Karani wangu, nisubiri, kidogo, nisubiri, nakuja, nisubiri, pumzi moja ndefu isiyokatika, na dada, aliyemjua shemeji yake miaka kumi na tisa, akapiga magoti na kujiziba masikio huku analia, na mtabibu amekaa tu, mtulivu, anatazama moshi wa ubani unavyolala upande kama majani yaliyokanyagwa, asisikie chochote. Simu iliuliza kama ana uhakika. Karani akabonyeza ndiyo.

Nyumba ikanyamaza.

Mtabibu aliomba maji ya kunywa. Akasema wafungue madirisha yote, kisha akaonyesha simu kwa kidevu. Mipangilio ilikuwa sita. Mwisho ilikuwa Mazungumzo, na baada ya hapo hakukuwa na kitu.

Dada alibaki siku tatu. Walipika, wakafua, wakaongea habari za watoto wa dada. Karani alikuwa na huzuni, lakini ilikuwa huzuni anayoijua, na alilala. Siku ya tatu, wakichambua mchele barazani, dada akataka kumchekesha. Kwenye shughuli za familia alikuwa na kipaji cha kumwigiza shemeji yake anavyoita akiwa bado getini, watu wakavunjika mbavu. Akaweka ungo chini, akajiweka sawa, akafungua kinywa.

Hakutoka kitu. Akacheka kidogo, akajaribu tena.

"Alikuwa anaitaje vile?"

Karani alimtazama. Maneno aliyajua, yote, hata ya siku ya posa. Aliwaza siku hiyo, akamwona mumewe ameketi kwenye kochi la baba yao, shati limemlowa jasho, midomo inacheza. Aliwaza asubuhi wanagombana kuhusu funguo. Midomo inacheza.

"Ilikuwa nzito au nyembamba?" dada aliuliza, safari hii taratibu.

Karani alimpigia mwalimu mwenzake, aliyefundisha naye madarasa jirani miaka tisa. Yule alikumbuka vizuri kwamba sauti ya marehemu ilikuwa ikipenya kuta mbili. Ilikuwaje, hapo akasita, akacheka kwa aibu, akasingizia uzee.

Ndipo akampigia mama mkwe wake. Wakaamkiana, wakaulizana hali, na Karani akamwomba amkumbushe kitu kidogo tu, sauti ya mwanawe ilikuwaje.

"Hilo nalo swali?" mama mkwe alisema. "Kila alfajiri namsikia ananiita. Ngoja."

Karani akangoja. Alisikia kiti kikivutwa huko, mtu mzima akikaa.

"Ngoja kwanza, mwanangu."

 Kisha bibi yule akaanza kuita mwenyewe, polepole, kama mtoto anavyomwita mama yake. "Mama," alisema, kwa sauti nyembamba. Akanyamaza, akasikiliza. "Mama," akasema tena, nzito kidogo. Akaijaribu ya puani, akaijaribu ya kikohozi, akaanza upya, na Karani akakaa na simu sikioni, hakuweza kumwambia aache.